Mashua Kuukuu: Kutambua Kasoro Zake Kabla ya Kununua na Kuivusha Kutoka Nungwi Hadi Pangani

Anayenunua mashua ya mbao iliyokwisha kufanya kazi kwa miaka mingi hanunui rangi yake wala jina lililoandikwa ubavuni, bali ananunua mkuku (uti wa mgongo wa chombo), mataruma (mbavu zake za ndani) na misumari, na vitu hivyo vitatu karibu vyote vimefichika machoni. Mwongozo huu unahusu mashua ndogo ya tanga moja, yenye urefu wa mita sita hadi nane, ya aina inayoundwa Nungwi, kaskazini mwa Unguja, pamoja na safari ya kuivusha hadi Pangani, upande wa Bara, ambayo ni takriban kilomita 50. Mengi yaliyomo yanafaa pia kwa vyombo vya Lamu, Mafia au Kilwa. Ngalawa imeachwa kando, kwa kuwa mwili wake huchongwa katika gogo moja na kasoro zake ni za namna nyingine.

Panga ukaguzi wako wakati wa bamvua, maji yanapojaa na kupwa kupita kawaida, mwezi ukiwa mwandamo au mpevu. Katika pwani yetu siku hizo maji hupwa kabisa mnamo saa nne asubuhi na kujaa mnamo saa kumi jioni, kwa hiyo siku moja inatosha kuiona mashua ikiwa imekaa juu ya mchanga na kuiona tena ikiwa inaelea. Usikubali kuonyeshwa hali moja tu. Mashua iliyo nchi kavu haikuonyeshi inavuja wapi, na ile inayoelea haikuonyeshi tumbo lake. Chukua kisu chenye ncha kali, nyundo ndogo, tochi, kamba nyembamba ndefu kuliko chombo, chaki na ndoo ambayo unajua inachukua lita ngapi. Mwombe mwenyewe ruhusa ya kuchoma mbao kwa ncha ya kisu na ya kung'oa msumari mmoja; asiporidhia, mshukuru kwa heshima uende zako, maana bila hayo mawili hakuna ukaguzi.

Dalili ya kwanza: maji ngamani

Kila mashua ya mbao ina maji ngamani, yaani chini kabisa ndani ya chombo, kwa hiyo kuyaona tu hakukwambii kitu. La muhimu ni kujua yametoka wapi, yanaingia kwa kasi gani, na yanaingia katika hali ipi. Anza kwa kuchovya kidole na kuonja. Yakiwa hayana chumvi au yana chumvi hafifu, ni maji ya mvua, na hayo yanapaswa kukutia wasiwasi kuliko maji ya bahari, kwa sababu chumvi huzihifadhi mbao ilhali maji ya mvua yaliyotuama huziozesha. Mashua iliyotelekezwa msimu mzima wa masika bila kufunikwa na bila kufuliwa maji huwa imeoza kutoka ndani, hata kama nje inang'aa.

Kisha fua maji yote kwa dumu lililokatwa, kausha ngama kwa kitambaa, hasa kando ya mkuku, na chombo kikielea kaa humo ndani na tochi yako. Kila baada ya nusu saa piga alama ya chaki kwenye taruma mahali maji yalipofika, na baada ya saa mbili pima kwa ndoo uliyokuja nayo.

Maji yakitoka jasho kwenye maungio mengi kwa pamoja, na mwenyewe akakiri kuwa mashua ilikaa juani wiki kadhaa, sababu yake ni kukauka: mbao zimesinyaa na maungio yamefunguka. Iache majini, iloe kwa siku mbili au tatu, na kila siku pima tena. Mashua isiyo na kasoro hujifunga yenyewe, na alama za chaki zitakuonyesha maji yakipanda polepole zaidi siku hadi siku. Kosa kubwa linalofanywa hapa ni kukimbilia kuishindilia pamba wakati mbao zimekauka, kwa sababu zikilowa na kuvimba hazitakuwa na nafasi, zitasukumana, na misumari ndiyo itakayolegea.

Maji yakiingia mahali pamoja tu bila kupungua, mara nyingi ni ungio lililopoteza kalafati (pamba inayoliziba), tundu la msumari uliooza, au jicho la mti lililochomoka. Hilo ni jambo jepesi. Fundi hulimaliza katika kupwa mara moja. Yakiingia kwa mstari mrefu baina ya mkuku na ubao wa kwanza, pande zote mbili, jambo si jepesi tena, kwani misumari inayoushika ubao huo kwenye mkuku imeliwa, na matengenezo yake ni kuung'oa ubao wenyewe. Usidanganyike na pamba mpya iliyoshindiliwa hapo kwa wingi: ungio lenye upana wa kidole halijawa pana kwa sababu ya kukosa pamba, limekuwa pana kwa sababu mbao zinaachana, na kila pamba inayoongezwa inazidi kuziachanisha.

Hatari kuliko zote ni mashua inayokaa kavu ikiwa imetia nanga, lakini inayoingiza maji mara tanga linapojaa upepo au watu wanapokaa upande mmoja. Hiyo inapinda. Ama mataruma yamevunjika, ama mwashiri, lile gogo linaloshika kitako cha mlingoti, umelegea na unauvuta mkuku kila mlingoti unapotikisika. Mnunuzi anayeridhika na kuikagua mashua iliyofungwa nangani hawezi kamwe kuiona kasoro hii, naye ataikuta katikati ya mkondo.

Yakiingia juu ya mstari wa kawaida wa maji, na chombo kikiwa kimepakia tu, ni mbao za juu zilizokauka kwa jua. Zimwagie maji ya bahari asubuhi na jioni. Hakuna zaidi ya hayo.

Dalili ya pili: kutu inayochuruzika chini ya vichwa vya misumari

Mashua zetu hupigiliwa kwa misumari ya chuma, na iliyo bora hupakwa zinki. Fundi mwema hutoboa kwanza tundu kwa keke, huuzungushia msumari pamba iliyolowa mafuta, huupiga hadi kichwa kizame ndani ya ubao, kisha huikunja ncha yake juu ya taruma upande wa ndani. Zinki ikiisha, chuma huanza kutu, kutu huvimba, na mti unaouzunguka msumari huwa mweusi na kulegea kama mkate uliolowa. Tundu hupanuka, na ubao unabaki umeshikwa na pamba na rangi.

Chagua msumari wa chini, karibu na mkuku, mahali palipo majini siku zote, na umwombe fundi aung'oe mbele yako. Usiangalie kichwa chake wala ncha yake, ambavyo huweza kuwa vizima vyote viwili. Angalia kiuno chake, pale ubao unapokutana na taruma, kwa kuwa hapo ndipo maji hukaa bila kukauka. Msumari mzima una unene karibu sawa kutoka juu hadi chini. Mgonjwa umeliwa katikati, wakati mwingine umebaki mwembamba kama sindano ya kushonea magunia, na sehemu hiyo nyembamba ndiyo iliyokuwa ikibeba mzigo wote.

Kutu ya hapa na pale ni umri tu. Mstari mzima wa kutu, taruma baada ya taruma kwenye ubao uleule, maana yake ni kuupigilia upya ubao wote, na misumari mipya itiwe kwenye matundu mapya kando ya ya zamani, si katika matundu yaleyale. Kutu ya namna hiyo ikiwa pande zote mbili za chombo, mimi singetoa bei zaidi ya thamani ya tanga, mlingoti na nanga. Tazama pia kama kuna kiraka cha shaba karibu na misumari ya chuma: ndani ya maji ya chumvi shaba huharakisha sana kuliwa kwa chuma kilicho jirani yake, na kiraka kilichowekwa ili kuzuia maji huwa ndicho kinacholeta tundu jingine.

Dalili ya tatu: mbao laini na vitobo vidogo

Kuoza na kuliwa na wadudu ni mambo mawili tofauti, na hutokea mahali tofauti. Kuoza huanza juu, penye maji ya mvua na hewa isiyopita: chini ya sitaha ndogo ya omo (mbele), kwenye vichwa vya mataruma, kwenye mbao za tezi (nyuma), na ndani ya tundu la mwashiri. Choma kwa kisu mara kadhaa. Kisu kikiingia kwa taabu na mti ukatoa vinyweleo virefu unapokichomoa, mti uko hai. Kikizama bila ukinzani na mti ukakatika vipande vifupifupi, umeoza, na kuoza huko kumekwenda mbali zaidi ya unapopaona.

Wadudu wa baharini wanaotoboa mbao hufanya kazi chini, ndani ya maji. Huingia wakiwa wadogo kupitia kitobo kisichozidi tundu la sindano, kisha hukua ndani na kuchimba kufuata unyuzi wa mti, wakiyapaka mashimo yao ukuta mweupe wa chokaa. Kwa hiyo ubao unaweza kuwa mzima kabisa kwa nje na kuwa mtupu kwa ndani. Kwangua deheni, ule mpako wa tumbo la chombo, sehemu tatu au nne, hasa kwenye mkuku, ambao mara nyingi husahaulika kwa kuwa unakaa mchangani wakati wa kupwa, na ugonge kwa nyundo ukisikiliza: mti mzima hulia kwa sauti kavu, uliotobolewa hutoa sauti butu. Muulize mwenyewe chombo kilichomwa moto lini mara ya mwisho, maana kuwasha makuti makavu chini ya tumbo la chombo na kulipaka tena deheni ya chokaa na shahamu (mafuta ya mnyama) ndiko kunakowaua wadudu hawa kabla hawajakua. Akisema hakumbuki, ichukulie kuwa ni zamani. Ubao mmoja uliotobolewa unabadilishwa. Mkuku uliotobolewa ni sababu ya kuondoka.

Dalili ya nne: saruji, lami, bati na rangi mpya

Saruji iliyomiminwa ngamani imewekwa na mtu aliyeshindwa kuzuia maji na akataka kuyaficha. Chini yake mti haukauki, misumari haionekani, na hakuna fundi anayeweza kukupa neno la hakika. Bati lililogongomewa juu ya lami ni afadhali kidogo, kwa kuwa linaweza kufunuliwa, lifunuliwe. Rangi mpya peke yake si kosa, lakini rangi mpya juu ya mbao chafu, yenye mapovu na chembe za mchanga, imepakwa kwa ajili yako na si kwa ajili ya chombo.

Dalili ya tano: mgongo uliopinda

Funga kamba kutoka omo hadi tezi chini ya mkuku, au ilaze pembeni yake kwa urefu, na uikaze. Mkuku unatakiwa uwe umenyooka. Ukiwa umeinuka katikati na kushuka ncha mbili, mashua imevunjika mgongo polepole kwa miaka mingi ya kulazwa juu ya magogo mawili au ya kubeba mizigo mizito kwenye omo na tezi. Hakuna matengenezo ya hali hii yanayolingana na bei ya mashua ndogo.

Mlingoti, foromali, tanga na usukani

Nyufa zinazofuata urefu wa mlingoti ni za kukauka na hazina neno. Ufa unaokwenda upana, hata mdogo, ni mwanzo wa kuvunjika. Ung'oe mlingoti uone kitako chake. Kwenye foromali, ule mti unaobeba tanga, ikiwa imeungwa kwa miti miwili, kagua maungio: kamba zikiwa zimelegea, zifungwe upya kabla ya safari yoyote. Tanga libane kwa vidole gumba viwili na ulivute. Likichanika bila kelele limekwisha kwa jua, na tanga jipya liingizwe katika bei. Usukani uutikise kwa kana yake (mkono wa kuushikia) huku mwenzako akiangalia bawaba zake tezini. Henza na jarari, kamba za kupandishia foromali na tanga, hubadilishwa kwa gharama ndogo, na usiziamini za mwenye chombo.

Dalili zinazojitokeza baharini tu

Omba safari ya saa mbili, upepo ukiwa wa kutosha, na nahodha wake akiwa chomboni. Mashua ikikazana kugeukia upepo na kana ikauvuta mkono wako bila kupumzika, sababu ya kwanza ya kutafuta ni farumi, mawe ya kukitia chombo uzito, iliyowekwa mbele mno, kwani omo likizama ndilo linaloshika maji na tezi inasukumwa. Sogeza mawe machache nyuma ujaribu tena. Ikiendelea, legeza demani, kamba ya kulikazia tanga. Ikiendelea bado, angalia mlingoti, ambao katika mashua hulalia mbele kidogo: kabari zake zikilegea ukasimama wima au kulala nyuma, nguvu ya tanga huhamia tezini. Yote matatu hutengenezwa bila kung'oa ubao.

Mashua inayoshindwa kubisha (kwenda kinyume cha upepo) na inayoteleza kwa ubavu kila unapoiendesha karibu na upepo huwa na tanga lililovutika likawa kama mfuko, au tumbo lililojaa chaza wadogo na mwani. Lakini mashua iliyo safi, yenye tanga zuri, ambayo bado ni nzito na inakaa chini kuliko alama za zamani za maji ubavuni, imelowa hadi ndani ya mbao, na uzito huo hautoki.

Karatasi

Usajili wa vyombo Zanzibar uko chini ya Mamlaka ya Usafiri Baharini Zanzibar, na upande wa Bara uko chini ya Shirika la Wakala wa Meli Tanzania (TASAC), ilhali chombo cha kuvulia kinahitaji pia leseni ya uvuvi. Hakikisha namba iliyo ubavuni ni ileile iliyo kwenye karatasi, na kwamba anayekuuzia ndiye mwenye jina, au ana idhini ya maandishi ya wenzake, kwa kuwa mashua nyingi ni mali ya ndugu kadhaa au ya urithi ambao haujagawanywa. Mkataba uandikwe na ushuhudiwe mbele ya sheha.

Kuivusha

Wakati mwema ni kipindi cha tanga mbili, kusi likiwa limepungua na kaskazi halijashika, mnamo Oktoba na Novemba. Juni na Julai kusi huchafua mkondo wa Unguja, ile bahari iliyo baina ya kisiwa na Bara, na chombo usichokijua hakipaswi kuwa humo. Sikiliza utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa kwa watumiaji wa bahari jioni ya kuamkia safari, na siku ya safari usiende ikiwa mashua haijakaa majini angalau siku mbili na kupimwa kwa ndoo.

Bamvua hukusaidia hapa pia. Ilaze mashua nangani kwenye kina, uondoke alfajiri, na kwa upepo wa wastani utaufikia mlango wa mto Pangani mchana, maji yakiwa yanajaa, jambo ambalo ni la lazima kwa sababu mlangoni pana fungu la mchanga ambalo wakati wa kupwa mawimbi hulivunjikia. Mkondo wa pwani hii huenda kaskazini, na wakati wa kusi huenda kwa nguvu. Elekeza omo kusini kidogo ya unakokwenda, la sivyo utajikuta unaitazama njia ya Tanga huku Pangani ikiwa nyuma yako na upepo ukiwa wa omo. Fungu la Maziwe liko karibu kabisa na mstari ulionyooka baina ya Nungwi na Pangani, na bamvua ikijaa mchanga wake hufunikwa, kwa hiyo chagua mapema upande utakaolipitia, na ukae mbali na miamba yake.

Uwe na nahodha anayeujua mkondo wa Unguja, mtu wa tatu ambaye kazi yake ni ngama tu, jaketi okozi kwa kila mmoja, madumu mawili ya kufulia, simu ndani ya mfuko usiopitisha maji, na mfuko wa dharura wenye pamba, shahamu, vipande vya turubai, ubao mwembamba, misumari na nyundo. Ikiwa mashua haistahili kusafiri kwa tanga, ikokotwe na boti yenye injini kwa mwendo wa polepole, na kamba ya kukokotea ifungwe kwenye kitako cha mlingoti, kamwe isifungwe kwenye pete iliyopigiliwa omoni.

Maji yakianza kuongezeka njiani, jambo la kwanza si kutafuta tundu bali ni kupunguza nguvu: legeza demani, punguza mwendo, na uone kama yanapungua. Yakipungua, chombo kinapinda, na safari iliyobaki iende kwa tanga dogo hata ikichukua saa nyingi zaidi. Yasipopungua, pisha foromali upande wa pili wa mlingoti ili mashua ilalie ubavu mwingine; yakikoma, tundu liko kwenye ubavu ulioinuka sasa, na unaweza kulifikia. Shindilia pamba yenye shahamu kwa kidole, si kwa nyundo, weka turubai juu yake, kisha ubao, na misumari mifupi isiyotokeza nje. Maji yakizidi uwezo wa madumu mawili kabla hamjafika nusu ya njia, rudini Nungwi. Mkiwa mmekwisha pita nusu, elekeeni ufuko wa mchanga wa Bara ulio karibu na mpandishe chombo hapo, hata kama si Pangani.

Mkifika, ingizeni mashua mtoni hadi mahali ambapo maji hayana chumvi hata bahari ikijaa, na muiache humo kwa wiki kadhaa, kwani maji yasiyo na chumvi huwaua wadudu waliomo ndani ya mbao, na wakati huo fundi atakuwa anatayarisha misumari na pamba. Mvua ikinyesha, mtu aende kila siku kufua maji, na turubai lifunike sehemu ya wazi bila kuziba hewa ya omo na tezi. Baadaye ipandishwe ikauke kivulini, ichomwe, ipakwe deheni, na yale maungio uliyoyatia alama za chaki yakalafatiwe kwanza kabla ya mengine yote.